Mdogo wangu, nimechelewa kukujibu

Mdogo wangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Nisalimie Mama na Baba, wape shikamoo yangu, waambie mimi mzima wa afya namshukuru Mungu.

Najua umeninunia. Ulituma meseji yako na mimi nimekaa kimya wiki 2 nzima, na wala sikuwa bize kihivyo, ni kwamba kila nikianza kukuandikia nafuta naanza upya. Uliniuliza kitu kifupi tu, "dada mtu unajuaje kwamba ni Mungu ndo amesema?" na mimi sikutaka nikutumie mstari mmoja wa Biblia alafu niendelee na shughuli zangu. Hili ni jambo la kuolewa, mtumishi amekwambia Bwana anasema huyo kaka ndiye mume wako. Ndo maana nimeamua kukuandikia barua ndefu, isome taratibu, na Mama msomee kama utapenda, hata yale yanayonihusu mimi maana mengine hayajui.

Nianze na langu. Wakati nasafiri wewe ulikuwa bado mdogo, uliona tu watu wanakuja kuniaga na kuniombea. Mimi nilifunga siku 3, nikaomba hivi, Mungu kama hutaki niende basi visa ikataliwe. Visa ikatoka. Nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda, watu wakashangilia, nikaondoka. Kitu ambacho sikumwambia mtu yeyote ni kwamba siku ile naanza kufunga nilikuwa nimeshaacha kazi na hela ya tiketi nimeshalipa nusu. Sasa pale nilikuwa namuuliza Mungu kitu gani? Nilishaamua, nilichokuwa nataka ni aniwekee muhuri tu. Na nilipofika huku kazi niliyoahidiwa na yule wakala haikuwa ile, miezi kama 8 nalala sebuleni kwa watu, Jumapili zote niko kazini, ibada sioni. Nikamkasirikia Mungu kweli kweli. Nikawa namwambia usiku, si wewe ndo ulifungua mlango?

Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa nimemfanya yule mtu wa ubalozi anayegonga visa kuwa ndo nabii wangu. Soma Yona sura ya 1 mstari wa 3 uone kitu ambacho mimi nilikuwa nakipita kila siku. Yona anamkimbia Mungu, anateremka Yafa, na meli ya kwenda Tarshishi anaikuta pale pale, na nauli anayo, analipa anapanda. Kila kitu kimekaa sawa. Yani kama angekuwa ni mtu wa kutoa ushuhuda angesema milango imefunguka yenyewe. Na kinyume chake pia kipo, maana Paulo kwenye Matendo 16 anaona maono ya usiku kabisa, mtu wa Makedonia anamwita vuka uje utusaidie, wanakwenda, na wakifika Filipi Paulo na Sila wanachapwa bakora wanatiwa gerezani miguu kwenye mkatale. Aliyekuwa anamkimbia Mungu safari ilianza vizuri, aliyekuwa anamtii akaishia jela. Kwa hiyo mambo yakinyooka haina maana Mungu amesema ndiyo, na yakiwa magumu haina maana amesema hapana, na ukitegemea hilo peke yake utayumba kila wiki.

Na lile neno tunalopenda sana, "nina amani nalo", hilo nalo naomba uliangalie vizuri, maana umeliandika mara 3 kwenye meseji yako. Mimi sikatai amani, amani ya Mungu ipo na nimeionja. Ila Yona huyo huyo, dhoruba inapiga, mabaharia wanalia kila mtu na mungu wake, yeye yuko chini kabisa ya meli amelala usingizi mzito. Alikuwa ametulia na alikuwa amekosea. Alafu mwangalie Bwana Yesu Gethsemane, ndani kabisa ya mapenzi ya Baba yake, na jasho linamtoka kama matone ya damu, anaomba maneno yale yale mara 3. Ukipima kwa utulivu wa moyo tu utamkosea hata Yesu. Hata ule mstari wa Wakolosai 3:15 wa amani ya Kristo kuamua mioyoni, ukiusoma na iliyo juu yake na iliyo chini yake utaona Paulo anaongea na watu wanaoishi pamoja wasameheane na kuchukuliana kama mwili mmoja, hakuwa anaongea na mtu mmoja chumbani anayesikilizia moyo wake unasemaje.

Sasa nikwambie la mwaka huu, hili Mama hajalisikia. Mwezi wa pili kazini waliniita, wakanipa nafasi ya kuwa msimamizi kwenye tawi lao la mji mwingine, mkataba wa miaka 3, mshahara mkubwa kuliko nilivyowahi kufikiria. Ila ni mbali na kanisa letu hapa, na shifti za mwisho wa wiki zingekuwa zangu karibu zote. Unajua nafundisha watoto wa Sunday school, ni watoto 11 tu lakini hakuna mwingine wa kuwashika. Nikaomba siku 30 za kujibu. Safari hii nilijiapiza sitarudia kosa, nikaanza kufunga na kuomba mapema kabla sijasaini wala kumwambia mtu ndiyo.

Sikusikia kitu. Nataka ulijue hili vizuri maana watu wakitoa ushuhuda hii sehemu wanairuka. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, sikuota ndoto, hakuna aliyeniletea neno, nikifungua Biblia nakutana na orodha za vizazi. Ndo nikamfuata mzee mmoja wa kanisa, ni mtu mkimya sana na hajui kumsifia mtu usoni, nikamweleza yote. Nilidhani ataniombea. Akaniuliza swali moja tu, Mungu akikupa jibu ambalo hulitaki utalifuata? Nikafungua mdomo kusema ndiyo na ikashindikana kutoka. Nikarudi nyumbani nimefadhaika. Wiki nzima nilikaa na hilo swali.

Aliniambia nisome Yeremia 42, soma na wewe, soma mpaka 43. Wale watu waliobaki Yuda baada ya Yerusalemu kubomolewa wanamwendea Yeremia, tuombee, chochote atakachosema Mungu kiwe kizuri kiwe kibaya tutafanya. Maneno mazuri sana. Yeremia anaomba, jibu linakuja baada ya siku 10, kaeni hapa hapa msiende Misri. Na wao wanamwambia unasema uongo. Kwa nini? Rudi nyuma kidogo sura ya 41 mwishoni, walikuwa wameshatoka, wamepiga kambi karibu na Bethlehemu, wako njiani kwenda Misri! Nilipofika hapo nililia mdogo wangu. Nilijiona mimi na ile tiketi yangu niliyolipa nusu.

Basi baada ya hapo maombi yangu yakabadilika, nikaacha kuomba jibu nikaanza kuomba niwe mtu anayeweza kupokea jibu lolote, na hiyo ni ngumu kuliko kufunga. Kuna mama mmoja Mkatoliki nafanya naye kazi akanisimulia habari za Mtakatifu Inyasi wa Loyola, kwamba alikuwa askari, mwaka 1521 akavunjwa mguu na mzinga vitani huko Pamplona, akalala kitandani muda mrefu. Akawa anawaza mambo mawili kwa zamu, sifa za vita na wanawake wa kifahari, au kumfuata Kristo kama watakatifu walivyofanya. Yote yalimpa raha wakati anayawaza. Tofauti aliiona baadaye, la kwanza likiisha linamwacha mkavu, la pili linamwacha na furaha inayobaki. Na baadaye akafundisha kwamba ukiwa kwenye giza na ukavu wa rohoni usibadilishe maamuzi uliyoyafanya ukiwa vizuri. Mimi mlokole wako nimelichukua hilo kwa mikono miwili. Nikawa siku moja naishi kama nimekubali ile kazi, asubuhi mpaka usiku, siku ya pili kama nimekataa, na jioni naandika kwenye daftari. Siku za kukubali nilianza na furaha kubwa sana, nahesabu hela, najenga nyumba kichwani, ikifika usiku natamani hata nisiombe. Siku za kukataa nilianza na hofu na zikaisha nimekaa na Mungu vizuri. Ilijirudia hivyo hivyo mara nyingi mpaka nikaacha kubishana nayo. Na kuna watu wawili wengine niliowaomba ushauri, bila kuambizana, nao walisema hilo hilo.

Nimekataa ile nafasi. Mama naomba asihuzunike kuhusu hela, nitaendelea kutuma kama kawaida. Bado sina uhakika wa asilimia mia, na siku nyingine nikichoka nawaza ule mshahara. Ila safari hii najua niliuliza kweli.

Sasa tuje kwako. Umeniambia kwenye maombi ya wiki ile mtumishi alikushika kichwa akasema Bwana anasema huyu kaka ndiye mume wako, na wewe ulikuwa hata hujaamua kama unampenda. Mimi simdharau mtumishi, Paulo amesema tusitweze unabii, 1 Wathesalonike 5, ila mstari unaofuata pale pale anasema jaribuni mambo yote. Kupima siyo dhambi. Nathani alikuwa nabii wa kweli na bado alimwambia Daudi nenda ukafanye yote yaliyo moyoni mwako, na usiku ule ule Mungu akamrudisha akaseme tofauti, 2 Samweli 7. Na kuna kile kisa kinachoniogopesha cha 1 Wafalme 13, mtu wa Mungu amepewa agizo na Mungu mwenyewe usile wala usinywe huko, anakuja nabii mzee anamwambia malaika ameniambia uje ule kwangu, akamwamini kwa sababu ni nabii na ni mzee, akafa njiani na simba.

Na ona Mungu alivyofanya na Yusufu. Malaika alishamtokea Mariamu, neno la kweli kabisa, hakuna la kweli kuliko hilo. Lakini Mungu hakumwachia Yusufu aende na neno la Mariamu. Alimfuata Yusufu mwenyewe kwenye ndoto yake. Kama Mungu alimheshimu Yusufu hivyo, wewe atashindwa kukwambia? Kama huyo kaka ni wako, mtumishi amesema neno ambalo litathibitika kwako taratibu bila mtu kukuharakisha. Mimi kinachonitia wasiwasi ni ile haraka, kwamba lazima uwajibu kabla mwezi haujaisha la sivyo baraka itapita. Mungu aliyemngoja Gideoni akiomba ishara kwa ngozi ya kondoo usiku wa kwanza na wa pili hatakunyima wewe miezi michache.

Alafu soma Mwanzo 24 yote, ndefu lakini isome. Yule mtumishi wa Ibrahimu aliomba ishara, na watu wanaitumia sana kuomba ishara za ajabu ajabu, ila angalia aliomba ishara gani. Aliomba msichana ambaye ukimwomba maji atasema nitawanywesha na ngamia wako. Walikuwa ngamia 10, na ngamia mwenye kiu anaweza kumaliza hata lita 100, sasa piga hesabu mtungi kwa mtungi kutoka kisimani. Ishara yenyewe ilikuwa ni tabia! Na hata baada ya kuomba, Biblia inasema alikaa kimya anamtazama. Mtazame na wewe huyo kaka. Akikosea anasemaje? Akikataliwa jambo anafanyaje? Anaongeaje na mtu ambaye hana cha kumpa? Deni lake analilipa? Uliza wanaoishi naye, usiulize wanaomwona madhabahuni tu. Hayo nayo ni maombi, usidhani ni kukosa imani.

Na mwishoni kabisa mwa sura hiyo, mambo yote yameshathibitika, yule mtumishi wa Ibrahimu ameshasujudu, zawadi zimeshatolewa, ndugu wamesema jambo hili limetoka kwa Bwana, bado wanamwita Rebeka wanamuuliza mwenyewe, utakwenda na mtu huyu? Naye akasema nitakwenda. Kwenu huko nani amekuuliza wewe? Kwenye meseji yako yote ndefu nimeona mtumishi amesema, kaka amesema, mama mchungaji amesema. Ukiacha lile la "nina amani nalo", sijaona mahali wewe mwenyewe umesema unamtaka.

Mimi sikwambii mkatae. Simjui huyo kaka na inawezekana ni mtu mzuri kabisa. Nimeanza kufunga kwa ajili yako kila Ijumaa na nitaendelea mpaka uniambie niache. Ongea na Baba, najua unamwogopa ila Baba anajua kusikiliza kuliko unavyodhani, mimi niligundua nimechelewa. Jumapili nikitoka ibadani nitapiga, uwe peke yako.

Na ukipata nafasi kabla ya hapo nijibu lile swali la yule mzee. Usijibu haraka, mimi lilinichukua wiki.

Dada yako akupendaye sana