Kabla ya kupasua sikio la mtoto, wazazi waelezwe yote

Bwana Mhariri,

Hapa Lubumbashi maneno ni yaleyale kila mtoto kiziwi anaporudi kutoka kupasuliwa nje ya nchi ili awekewe implanti ya koklea, kifaa cha kumsaidia kusikia: pesa zimeliwa, kichwa kimeshonwa, na mtoto hageuki akiitwa. Sisi tunaopima masikio na kufundisha watoto viziwi tunaomba nafasi katika gazeti lako, kwa sababu nyingi ya lawama hizo zisingekuwapo kama munganga (daktari) angetumia nusu saa zaidi kueleza kabla ya kushika kisu.

Implanti ya koklea ina sehemu mbili. Ya ndani hulazwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, na uzi wake mwembamba wenye elektrodi (vituo vidogo vya kupitishia umeme) 12 hadi 22, kulingana na kiwanda, huingizwa katika koklea, ule mfupa uliojisokota kama konokono. Ya nje ina maikrofoni, prosesa (kompyuta ndogo inayogeuza sauti kuwa ishara za umeme), betri na kiduara chenye sumaku kinachonasa kichwani. Hiyo ya nje kwa kawaida haivalishwi siku ya operesheni. Kidonda husubiriwa kipone, mara nyingi wiki 3 au 4. Kwa hiyo mtoto anayerudi na bandeji hasikii kitu kupitia implanti, na hakuna kilichoharibika. Hata siku inapowashwa, wengi hulia au huganda tu wakishangaa. Hesabu umri wa kusikia kuanzia siku hiyo. Wa miaka 3 bado ni mchanga kwa masikio, na mchanga hadaiwi maneno.

Mashaka ya wazazi huanza mapema zaidi. Mama akisema sindano ndiyo iliyomziba mwanawe masikio, asichekwe. Dawa za gentamisini na streptomisini zinaweza kuua seli za kusikia ndani ya koklea, na zikifa hazioti tena. Kwinini nayo huvumisha masikio na kupunguza usikivu, ingawa mara nyingi hali hurudi. Wakati mwingine aliyeharibu ni ugonjwa wenyewe uliotibiwa kwa sindano ile, hasa menenjiti, homa ya uti wa mgongo. Daktari anayekubali kwamba yote mawili yanawezekana husikilizwa. Anayekana la kwanza haaminiwi hata kwa la pili.

Menenjiti hiyo haitaki subira. Baada yake mfupa unaweza kuota ndani ya koklea, pengine katika wiki chache tu, na njia ya elektrodi ikaziba. Mtoto aliyeugua apimwe masikio mara anapopata nafuu. Neno la "tungoje akue" kwake ni hasara. Kwa wengine wakati upo, na kwanza vijaribiwe vifaa vya kawaida vya kusikilizia, miezi 3 hadi 6, vikiwa na kiziba-sikio kilichochongwa kwa sikio la mtoto huyo. Kilicholegea hupiga filimbi, mtoto hukichomoa, kisha mtu anaandika kwenye faili kwamba kifaa hakikumsaidia.

Kupiga makofi nyuma ya mtoto hakupimi kitu: huhisi upepo na huona kivuli. Kile kipimo cha haraka cha mwangwi wa sikio nacho hakitoshi peke yake. Mtoto aliyekuwa manjano sana baada ya kuzaliwa anaweza kukifaulu, huku mshipa wake wa kusikia haupeleki sauti sawasawa. Lazima kiongezwe kile cha nyaya kichwani, mtoto akiwa amelala, ambacho hospitalini hukiita PEA. Mzazi aombe karatasi yenye desibeli za sikio la kulia na za kushoto, kila moja peke yake, pamoja na majibu ya skana inayoonyesha mfupa na ya IRM (MRI) inayoonyesha mshipa wa kusikia. Mshipa usipokuwepo, implanti haina pa kupeleka sauti. Chanjo ya pneumokoki, vijidudu vinavyoweza kuleta menenjiti, itolewe kabla ya operesheni, maana implanti huongeza kidogo hatari ya menenjiti.

Wazazi huuliza bei ya operesheni. Wachache huuliza ni nani atakayerekebisha prosesa baadaye. Kila elektrodi hupangiwa kiwango cha chini na cha juu cha umeme, na viwango hivyo hubadilika, hasa mwaka wa kwanza, hivyo safari ni nyingi. Hospitali ya Tygerberg, Cape Town, wanaweka implanti tangu 1986, na ya Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2017. Kutoka hapa kote ni mbali. Tiketi hizo zihesabiwe kabla, na iulizwe kama prosesa hiyo inaweza kurekebishwa kwa intaneti.

Nyumbani adui wa kwanza ni delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu. Betri ya kuchaji haitoshi. Dai pia kishikizo cha betri za kutupa, namba 675, zile zilizoandikwa kuwa ni za implanti, kwa kuwa 675 ya kawaida huishiwa nguvu haraka. Ukibandua karatasi yake, ngoja dakika chache hewa iingie ndipo ufunge. Msimu wa vumbi huziba maikrofoni, na baridi ya Juni huleta mablanketi ya nailoni yanayotoa cheche: prosesa ivuliwe kwanza. Mvua ikianza, ilale kwenye kopo lenye chembe za kukausha unyevu.

Kila asubuhi kaa nyuma ya mtoto, utamke a, i, u, m, s, sh. Akiitika zote isipokuwa s na sh, angalia maikrofoni kabla ya kumlaumu yeyote. Na zungumza naye Kiswahili kama ndicho unachomwimbia na kumgombeza nacho. Kifaransa cha kuokoteza hakimsaidii.

Jambo moja madaktari huwaficha wazazi, hatujui kwa nini: prosesa nyingi huhifadhi saa ambazo zimevaliwa. Mama anasema "siku nzima", kompyuta inaonyesha saa 2, naye anaonekana mwongo mbele ya watu. Aambiwe siku ya kwanza, na aulizwe kinachomzuia. Mara nyingi ni waya uliokatika.

Mwisho, wanaokataza lugha ya ishara hawana sababu ya kitaalamu. Mtoto akioga, akilala au betri ikiisha, ni kiziwi kama kabla ya operesheni, na familia yote inahitaji mikono. Kwa kuwa umeme na betri hupenda kwisha usiku mmoja, tochi iwe karibu, maana ishara hazionekani gizani.

Wapima masikio na walimu wa watoto viziwi,
Lubumbashi