YAH: MALALAMIKO KUHUSU MASTA SILINDA ZA BREKI YA MBELE ZA PIKIPIKI

Ndugu Meneja wa Mauzo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Katika masta silinda 20 (pampu za mafuta ya breki zinazokaa kwenye usukani) tulizonunua dukani kwenu (nakala ya risiti imeambatishwa), tisa hazifai kufungwa kwenye pikipiki inayobeba abiria. Tunazirudisha pamoja na barua hii, kila moja ikiwa na karatasi inayoeleza kasoro yake.

Sita zina kosa la kipenyo cha pistoni. Tuliagiza za 12.7 mm kwa ajili ya pikipiki zenye diski moja mbele, nanyi mkatupa boksi lililoandikwa kwamba zinafaa pikipiki zote za cc 125 hadi 150. Tulipofungua na kupima kwa vernia, hizo sita zilikuwa za 14 mm. Kwa nje huwezi kuzitofautisha, na zote zinakaa sawasawa kwenye usukani wa 22 mm. Lakini uso wa pistoni ya 14 mm una takriban milimita mraba 154, na wa 12.7 mm una 127 tu. Kwa nguvu ileile ya vidole, shinikizo linalofika kwenye kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) linapungua kwa karibu asilimia 18. Dereva anausikia mkono wa breki mgumu na mfupi, anaamini breki imekaa vizuri, kumbe pedi zinabana kidogo kuliko zamani. Siku ya mvua, akiwa na abiria, ndipo atakapojua.

Tatu zilizobaki ni hatari zaidi. Ukimulika tochi kwenye kikombe cha mafuta ya breki, chini utaona matundu mawili: kubwa la kupitisha mafuta, na dogo mfano wa ncha ya sindano. Hilo dogo ndilo linalorudisha mafuta mkono unapoachiwa. Kwenye masta nzima, ukijaza mafuta na kubonyeza mkono taratibu, kijito chembamba kinaruka juu kutoka tundu hilo. Kwenye hizi tatu hakuna kinachoruka. Mbili zimezibwa na mabaki ya chuma cha kiwandani. Ya tatu mkono wake hauna nafasi hata ya milimita moja kabla ya kugusa pistoni, hivyo raba ya mbele ya pistoni imelifunika tundu muda wote. Mafuta yakipata joto yanatanuka, yanakosa pa kurudi, na gurudumu linaanza kujikaba lenyewe. Fundi asiyejua atailaumu kalipa. Kipimo ni rahisi: legeza kidogo skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa, gurudumu likiachia papo hapo, shinikizo lilikuwa limenaswa. Ukilegeza bolti ya mpira (inayofunga mpira wa kupitisha mafuta) kwenye masta na likaachia vilevile, tatizo liko kwenye masta.

Kikaratasi chenu cha maelekezo kinaongeza balaa kwa kusema "tumia oili ya breki" bila kutaja aina. Yako maduka yanayouza oili ya haidroliki kwa jina hilo. Oili hiyo ya madini inavimbisha raba, na raba iliyovimba inaliziba tundu lilelile. Andikeni daraja la mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4, tena kwenye kifuniko, si kwenye karatasi inayotupwa. Andikeni pia kwamba mafuta yabadilishwe kila miaka miwili, maana yananyonya unyevu. Washa mbili za shaba za bolti ya mpira ziwemo kwenye boksi. Za zamani zimeshabonyea na zitavujisha.

Tunaomba yafuatayo ndani ya siku 14: mturudishie fedha za hizo tisa au mtupe za 12.7 mm zilizokaguliwa. Kipenyo kichorwe kwenye mwili wa kila masta na kiandikwe nje ya boksi. Na mzigo uliobaki rafuni uondolewe hadi matundu yote yapimwe. Muuze na raba za kukarabatia za kila kipenyo, kwani masta yenye ukuta wa ndani laini usio na michubuko haistahili kutupwa kwa sababu ya raba mbili.

Msipojibu, sampuli moja ya kila kasoro tutaipeleka TBS (Shirika la Viwango Tanzania).

Wenu,
Mafundi wa karakana ya pikipiki,
Mbagala, Dar es Salaam