Patna, mwenza au mfanyakazi wa bure?

Mhariri, habari za kazi. Mimi naanika dagaa hapa Katonga, Kigoma, mwaka wa kumi na moja sasa. Juzi tumeenda kufungua akaunti ya biashara na mzee wangu, dada wa kaunta akauliza huyu mama ni nani kwenye biashara, mzee akajibu "ni mwenza wangu", basi dada akaandika mke akaendelea. Mimi nimesimama pale na mikono inanuka dagaa!

Sasa mwenza ndo nani? Ukimwita jamaa wa mtumbwi patna kila mtu anajua mkitoka ziwani mnatoa mafuta ya injini kwanza halafu mnagawana, na mbalamwezi ikiwaka mkakosa, hasara ya wote. Ila mke anayegeuza dagaa kwenye chanja tangu alfajiri, anakimbia na turubai mvua ikitishia, huyo "anamsaidia mumewe". Anamsaidia nini na mtaji wa kwanza ulitoka kwenye kikoba changu, tena riba nililipa mimi.

Na sio maneno yangu tu, Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983 ilishakubali hata kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa. Lakini hiyo ni mpaka muachane jamani, mimi simuachi mtu, nataka jina langu kwenye ile fomu.

Mzee kasema tutarudi Jumatatu. Namsubiri.

Mama Muanikaji, Kigoma