Risala ya wazazi wa watoto wa awali, darasa la kwanza na la pili kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi, Kigoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Kamati ya Shule,
Mwalimu Mkuu na walimu wote,
Mwenyekiti wa Mtaa,
Wazazi na walezi wenzangu,
Watoto wetu wapendwa,

Mwakeye! Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama na kutukusanya chini ya miembe hii. Mheshimiwa, umeacha kazi nyingi ukaja kutusikiliza. Karibu sana, hapa ni kwako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, madawati, matundu ya vyoo na uzio vimo katika taarifa ya Mwalimu Mkuu, na sisi tunaviunga mkono vyote. Wazazi wenye watoto wadogo tulikaa kikao chetu tukakubaliana tulete jambo moja tu: mzazi kumfikia mwalimu wa mtoto wake na kuzungumza naye bila hofu.

Hofu hiyo ipo, na haikuanza leo. Wengi wetu tulipokuwa wanafunzi, mzazi aliitwa shuleni kwa mambo mawili, utovu wa nidhamu au mchango. Serikali ilianza elimumsingi bila malipo Januari 2016, lakini mpaka leo mama akikuta kikaratasi kwenye daftari kinasema "mzazi afike shuleni", kwanza anahesabu fedha aliyofunga kwenye pindo la kanga, kisha anaanza kumhoji mtoto amefanya nini. Wengine wanamtuma dada mtu au jirani. Baba mmoja alituambia kikaoni kwamba alifika getini mara mbili akageuza, kwa sababu alikuwa anatoka ziwani moja kwa moja, amevaa ndala na nguo zinanuka samaki. Na wapo wenzetu wasiojua kuandika. Mtu wa namna hiyo akifika ofisini, kitu cha kwanza anachokabidhiwa ni kalamu, asaini daftari la wageni. Hawezi kusema, basi anasema atarudi kesho. Harudi.

Mimi ninayesoma risala hii naanika dagaa Kibirizi. Mwanangu wa mwisho alipoanza awali, wiki za mwanzo hakusema neno darasani, na karibu kila siku alirudi kaptura imelowa. Nyumbani tunaongea Kiha, maana bibi yake hajui Kiswahili. Mwalimu wake katoka mkoa mwingine. Mimi moyoni nilisema mtoto anachapwa. Mwalimu naye alidhani mtoto hasikii vizuri. Kila mmoja alikaa na dhana yake, na kutoka kwangu mpaka shuleni hakuzidi dakika kumi kwa miguu.

Siku moja yule mwalimu akaja mwaloni kununua dagaa. Akanitambua kwa sura ya mtoto. Hakuanza na matatizo. Alisema, "Mwakeye, mama," kwa lafudhi yake ya kwao, na wanawake wote pale wakafurahi wakampigia makofi kama tunavyosalimiana Waha. Akaniuliza mtoto anapenda kucheza na nani, anapenda kula nini. Tukaongea huku nageuza dagaa. Haikupita robo saa tukajua kilichokuwa kinatokea: mtoto alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kiha, mwalimu haelewi, mtoto anarudi kukaa. Mwalimu akaliandika lile neno kwenye kiganja. Kesho yake kaptura ilirudi kavu. Mheshimiwa, yule mtoto sasa yuko darasa la pili, na kwenye ngonjera mliyoisikia asubuhi ndiye aliyesimama wa kwanza upande wa kulia.

Ndiyo maana tunasema jambo hili ni la watoto wadogo kuliko wote. Mtoto wa darasa la sita anaweza kueleza kwamba tumbo linamuuma au kwamba jana hakulala. Wa awali analia tu, au ananyamaza. Sikio linalotoa usaha, homa ya usiku, mdogo wake aliyezaliwa juzi, baba aliyevuka ziwa kwenda Kalemie, Kongo, na hajarudi, hayo yote mtoto anaingia nayo darasani, na mwalimu asipoambiwa ataona uvivu. Na mwalimu naye ana anayoyaona ambayo sisi hatuyaoni, kama mtoto anayesogeza uso mpaka ubaoni ndipo asome herufi.

Tunawashukuru walimu wetu wa awali kwa namna wanavyosimama mlangoni asubuhi. Wanampokea mtoto kwa jina lake, na aliyemleta wanamsalimu kwa jina la mtoto, mama Neema, baba Juma. Salamu ile ni fupi sana, lakini mzazi aliyesalimiwa jana ndiye atakayethubutu kuuliza leo.

Pamoja na shukrani, kwa heshima zote, tuseme na yanayotuumiza. Kuna wakati mzazi anaelezea shida yake akiwa amesimama dirishani juani, watoto wanasikia, na mwalimu anaendelea kusahihisha madaftari bila kuinua uso. Kuna wakati mama anaambiwa mbele ya wenzake kwamba mtoto wake ni mzito. Neno hilo mama analala nalo. Pia matangazo siku hizi yanapita kwenye kundi la WhatsApp, na wengi wetu tuna simu za kitochi. Tunafika kikao kimekwisha, halafu tunaambiwa wazazi hatujali.

Na sisi tuna makosa yetu. Mzazi ameshawahi kuingia darasani akamfokea mwalimu mbele ya watoto. Tunawapigia walimu simu saa nne usiku kuuliza habari ya kalamu iliyopotea. Tunawasema vibaya kwenye vijiwe, na watoto wakiwepo. Walimu wetu, mbele ya mgeni huyu, tunaomba radhi.

Tunajua pia mzigo walionao. Kiwango kilichowekwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali, na 45 kwa mwalimu wa shule ya msingi. Hapa kwetu tumevipita mbali. Chukua mwalimu mwenye watoto 90: akimpa kila mzazi dakika 5 tu kwa mwezi, hizo ni dakika 450, saa saba na nusu, na bado hajafundisha wala kusahihisha. Kwa hiyo hatuwezi kumwomba mwalimu awe mchangamfu zaidi tukaishia hapo. Tunakuomba, Mheshimiwa, utusemee tuongezewe walimu wa madarasa ya chini.

Kuna jambo la ziwa ambalo mtu asiyeishi hapa anaweza asilifikirie. Wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani jioni na taa zao, wanatoka alfajiri, wamechoka. Asubuhi ndipo sisi wanawake tunaanika. Mkutano wa wazazi ukipangwa saa nne asubuhi siku ya kazi, dagaa wako mchangani na anga lina mawingu, nani ataondoka? Lakini siku za mbalamwezi, mwezi ukiwa mkubwa, taa hazivuti dagaa na mitumbwi inapumzika. Tunaomba mikutano ya shule ipangwe siku hizo. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, nyumbani palikuwa pagumu kwa kweli, lakini kibaraza cha shule hii kilijaa akina baba. Walikuwa wanawaleta watoto wenyewe, wameshika mikono midogo, na wengine ndiyo walikuwa wanamwona mwalimu wa mtoto kwa mara ya kwanza. Hatukujua kwamba walitamani kuja. Walikuwa hawana muda.

Ombi letu lingine ni chumba kidogo, hata kibanda chenye paa na mabenchi mawili, mahali mzazi na mwalimu wanaweza kukaa wakaongea mambo ya mtoto bila kusikiwa na mtoto mwenyewe wala wapita njia. Wazazi tumeshaanza kusomba mawe na mchanga, na mafundi ni miongoni mwetu. Tumepungukiwa mabati, saruji na mbao. Na kwa Mwalimu Mkuu tunaomba mwalimu wa zamu amwandikie jina kwenye daftari la wageni mgeni yeyote atakayeomba, bila kumuuliza kwa nini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumemaliza. Akina mama wameandaa ugali wa muhogo na migebuka ya mawese. Hatukutenga meza ya walimu na meza ya wazazi, kila mzazi atakaa karibu na mwalimu wa mtoto wake. Wewe tumekuwekea nafasi katikati, kati ya mwalimu wa awali na yule baba aliyegeuza getini. Leo ameingia.

Karibu chakula. Ahsante kwa kutusikiliza.

Imeandaliwa na wazazi wa watoto wa awali, darasa la kwanza na la pili.