Itoe darubini ya babu kabatini

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa wote hapo nyumbani. Mimi huku ni mzima, wasiwasi wangu ni juu yenu tu. Barua yako imefika juzi na nimeisoma mara tatu, hasa pale unaponiomba nikutumie darubini ya nyota, ile ya bomba refu uliyoiona kwenye tangazo ikisifiwa kwamba inakuza mara 500.

Sitaituma. Usinikasirikie kabla hujafika mwisho.

Mabomba ya aina hiyo mengi yana kioo cha mbele cha milimita 60 hivi, na kioo kidogo namna hiyo hakiwezi kubeba ukuzaji wa mara 500. Utaona ukungu unaotetemeka, na miguu yake ni dhaifu kiasi kwamba ukigusa tu, nyota imeshakimbia. Kuna mtoto ninayemfahamu huku alinunuliwa moja. Aliiweka chini baada ya siku mbili, na kinachoniuma ni kwamba aliziacha na nyota zenyewe. Sitaki hilo likupate.

Unachokitafuta kimo humo ndani ya nyumba. Ni ile darubini ya macho mawili ya babu, iliyo kwenye mkoba wa ngozi juu ya kabati. Uliponisomea maandishi yake kwenye simu, 7x50, usingizi uliniruka kwa furaha. Namba ya kwanza ni ukuzaji, mara 7. Ya pili ni upana wa kila kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya 50 kwa 7, unapata kama 7, na huo ndio upana wa mwali unaotokea nyuma na kuingia jichoni. Mboni ya kijana ikishazoea giza hufunguka kufikia milimita 7 hivi, kwa hiyo wewe unaipokea karibu nuru yote. Macho ya watu wazima wengi huishia kwenye 5. Saizi hiyo ilipendwa na mabaharia wa zamu za usiku, na ndiyo hiyohiyo inayozifaa nyota.

Umesema imeharibika kwa kuwa haina gurudumu la kuzungusha katikati. Haijaharibika. Darubini nyingi za meli na za jeshi zilitengenezwa hivyo, kila jicho linarekebishwa peke yake. Kwa kufuatilia ndege ni usumbufu, lakini nyota zote ziko mbali sana, ukishairekebisha mara moja usiku mzima huigusi tena. Funika kioo cha mbele cha kulia, tazama nyota moja angavu kwa jicho la kushoto, zungusha taratibu mpaka iwe ncha ya sindano. Kisha upande wa pili. Namba zitakazosimama kwenye alama ziandike kwenye karatasi, uitie mkobani.

Kabla ya hapo ikague mchana, ndani ya nyumba. Isogeze chini ya taa na utazame taa inavyojirudisha kwenye kioo cha mbele. Ukiona mng'ao mweupe mtupu, vioo havikupakwa dawa ya kuzuia nuru isirudi. Ukiona rangi ya buluu au zambarau, vimepakwa. Mbinu hiyo aliibuni Alexander Smakula katika kampuni ya Zeiss mwaka 1935, na tofauti yake si ndogo: kila uso wa kioo kisichopakwa hurudisha kama asilimia 4 ya nuru, na ndani ya darubini ya namna hiyo nuru hupita nyuso kama kumi. Theluthi nzima inapotea njiani. Hata hivyo, ukikuta haikupakwa usiitupe. Kioo cha milimita 50 kina eneo kama mara 50 ya mboni yako, kwa hiyo hata ikipotea theluthi, kinachobaki ni kingi.

Sasa angalia kupitia upande wa mbele kuelekea dirishani (dirishani tu, kamwe si juani, jua kupitia darubini hupofua jicho papo hapo, na hili uwaambie na watoto wote). Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nayo hupenda unyevu na giza la mkoba uliofungwa miaka. Usijaribu kuifungua mwenyewe. Ndani mna prizimu, vipande vya kioo vinavyoukunja mwali na kuigeuza picha isimame wima, na kikisogea kimoja hata kidogo tu, macho mawili hayatakubaliana tena.

Hili la mwisho ndilo lililonitesa mimi. Jirani yangu mzee alipohama aliniachia darubini yake ya 10x50, ya zamani kama hiyo yenu. Wiki ya kwanza kila nikimaliza kutazama kichwa kilikuwa kinagonga. Nilidhani ni baridi. Kumbe iliwahi kuanguka, na bomba moja lilikuwa linatazama juu kidogo kuliko jingine. Ubongo wangu ulikuwa unazivuta picha mbili kwa nguvu ziwe moja. Wewe ipime hivi: tazama nyota angavu, kisha usogeze macho nyuma polepole, sentimita chache. Nyota ikigawanyika kuwa mbili, moja juu ya nyingine, ipeleke kwa fundi anayejua vyombo vya vioo. Yangu ilirekebishwa, na tangu hapo kichwa hakijaniuma.

Kuhusu kufuta, nakuomba sana usitumie kanga wala shati. Ondoa vumbi kwanza kwa brashi laini, maana punje moja ya mchanga ikisuguliwa inachora kioo milele. Mimi nimekichora changu, na mstari huo nauona kila nikikigeuza.

Usiku ukifika, zima taa na ukae gizani dakika 20 hadi 30 bila kutazama simu. Lala chali, viwiko vikiegemea kifua, ili mikono isitetemeke. Anza na sayari ya Mshtarii kama iko juu. Pembeni yake utaona nukta ndogo zilizopangana karibu kwenye mstari mmoja, mbili, tatu au nne. Ni miezi yake mikubwa, ile Galileo aliyoiona Januari 1610. Rudi kesho yake. Zitakuwa zimehama, kwa sababu Io, ulio karibu zaidi, humaliza mzunguko kwa siku isiyotimia mbili. Usiku huo wa pili ndio ulionifanya nikae kibarazani kwenye baridi mpaka vidole vikafa ganzi, nikiangalia kitu kilekile nilichokisoma shuleni kikifanyika mbele yangu, ndani ya chombo ambacho mtu mwingine alikitunza miaka mingi.

Pete za sayari ya Zohali usizitafute, ukuzaji wa mara 7 hautoshi. Mwezi mtazame ukiwa nusu, pale kivuli kinapokutana na nuru, usingoje uwe kamili.

Ukitaka kujua kama chombo hiki ni cha kuchezea tu, kulikuwa na mwalimu wa shule Uingereza, George Alcock, aliyekariri maelfu na maelfu ya mipangilio ya nyota ili aitambue mara moja yoyote iliyozidi. Alikuwa na darubini za macho mawili, kubwa kuliko hiyo ya babu. Mwaka 1983 aligundua nyota yenye mkia, yaani kometi, akiwa ndani ya nyumba yake, akitazama kupitia dirisha lililofungwa. Ilipita chini ya kilomita milioni 5 kutoka kwetu.

Halafu kuna Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizokaribiana. Unakumbuka babu alivyokuwa akisema, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kwa macho matupu alihesabu sita. Kwa darubini yake utapoteza hesabu, na utaona rangi ya buluu ambayo macho peke yake hayaioni. Mimi na wewe tunakiona usiku mmoja, ingawa huku kimeinama upande mwingine. Jumamosi ya kwanza ya Januari isiyo na mwezi angani, saa tatu usiku wenu, kitazame. Mimi nitatoka giza likiingia huku.

Lakini kuna kimoja nisichoweza kukiona hata nikikesha. Ikifika Mei, Msalaba wa Kusini ukisimama wima, pima ngumi moja na nusu kwenda juu, upande wa kushoto. Kuna doa hafifu. Kwenye darubini litakuwa mpira wa ukungu, nao ni mamilioni ya nyota zilizosongamana, umbali wa miaka nuru kama 17,000. Wanauita Omega Centauri. Huku kaskazini nilipo hauchomozi kabisa. Uchore kwa penseli, vilevile uonavyo, kingo zake zinavyofifia, unipostie karatasi yenyewe, usiipige picha.

Dada yako akupendaye