Krismasi njema, wana wa mgombani

Shimbonyi, ndugu zangu Wachagga.

Desemba imefika na safari zimeanza. Hapa Mbezi, Dar es Salaam, mabasi ya Moshi yamejaa. Ruwa, Mungu wetu, atufikishe salama, tuwakute wazee wakiwa wazima na mbege, pombe yetu ya ndizi, imeiva. Krismasi njema kwenu nyote wa Rombo, Vunjo, Old Moshi, Kibosho, Machame na Siha, nanyi mtakaobaki kazini au ughaibuni.

Krismasi iliyopita nilikaa jikoni na bibi akimenya ndizi mshare za mtori, supu yetu ya ndizi. Nikawasha simu, nikamwomba anitajie ndizi zote za kihamba chake, yaani shamba la migomba la nyumbani. Akaanza: mshare, huti, mlali, akaenda mpaka majina ambayo hata baba, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakuwahi kuyasikia. Kila moja akalitajia kazi yake: hii ya pombe, hii ya mzazi aliyejifungua. Dakika arobaini. Februari simu ikaibiwa, na sauti ile ilikuwa humo tu. Inaniuma hadi leo.

Kwa hiyo nawaomba, mwaka huu kila nyumba imrekodi mzee mmoja, kwa ridhaa yake. Msiishie kuitupia sauti kwenye grupu la ukoo, maana humo itafunikwa na michango ya harusi kabla ya wiki kwisha. Ipakieni intaneti, YouTube au Wikimedia Commons, mahali ambapo yeyote ataipata. Andikeni ni Kichagga cha wapi, kwa sababu Kirombo si Kimachame, na muweke maana kwa Kiswahili. Kamera washike watoto. Wengi wao wanamjibu bibi kwa Kiswahili, na siwalaumu, sisi ndio hatukuwafundisha.

Bruno Gutmann, mmishonari Mjerumani, alifika Kilimanjaro 1902, akaishi miaka mingi Kidia, Old Moshi, akiwasikiliza wazee na kuandika sheria zao na mafundisho waliyowapa vijana. Sehemu kubwa aliandika kwa Kijerumani. Kijana wa Old Moshi akitaka kuyasoma leo, huenda akahitaji mfasiri wa maneno ya babu zake mwenyewe. Sisi tuna simu mfukoni na wazee wako mezani.

Mimi nitaanza upya na bibi tarehe 26, ndizi moja baada ya nyingine. Safari hii nitapakia usiku huohuo, kabla sijalala.

Aika, asanteni. Tukutane nyumbani.