Trallpunk si kelele

Mhariri,

Naomba nafasi niitetee trallpunk, tawi la muziki wa panki (punk) la Sweden ambalo wengi hulipuuza kuwa kelele za vijana wenye hasira. Neno "trall" kwa Kiswidi hutaja wimbo mwepesi unaoimbwa bila maneno, na ndiyo sababu bendi kama Asta Kask, iliyoanzishwa katika mji wa Töreboda mwaka 1978, huimba siasa kwa Kiswidi kwa sauti ambayo hata mtoto ataishika.

Anayetaka kuipiga aanze na gitaa la rithimu: kidole cha shahada kishike noti ya mzizi, yaani ile inayobeba kodi, kwenye uzi mnene, cha pete kishike noti ya tano kutoka hiyo kwenye uzi unaofuata, vigawanyo viwili (vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa) mbele, kisha mkono wa kulia ukwaruze bila kupumzika. Ngoma hukimbia mno, lakini mpigaji akilewa kasi hiyo, muziki wote huporomoka. Gitaa la solo, nalo, liufuate wimbo kwa noti mojamoja, na kiitikio kiimbwe na bendi nzima. Maneno ya kupinga ubaguzi wa rangi yasikike waziwazi. Yakimezwa na magitaa, kazi imeharibika.

Msomaji wako,
Göteborg